Nguo za Kupigia Picha

Picha yangu ya kwanza ya darasani inamwonyesha fundi wa kuchomelea vyuma akiwa amevaa suti. Ameshika kifaa chake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa panya, na nyuma yake kuna geti ambalo siku hiyo hakuligusa tena. Nilimwomba nimpige akiwa kazini. Akaniambia, "Ngoja dakika mbili," akaingia ndani, nami nikabaki nje nikiiandaa kamera kwa ajili ya cheche ambazo hazikuja. Alitoka baada ya nusu saa, amenyoa ndevu.

Mimi ni mtu wa huku huku, nilipaswa kujua. Kwetu, kuanzia Makambako hadi Njombe na kuendelea, mtu hapigwi picha na nguo za kazi. Picha ni ya kutundikwa sebuleni, ya kutumwa kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam, na siku ikifika ni ya kuwekwa juu ya jeneza. Kumpiga mtu akiwa na tope ni kumvunjia heshima yeye na ukoo wake. Mama yangu mzazi aliwahi kumweka mpiga picha wa kutembea uani tangu asubuhi mpaka karibu saa sita, akisubiri viatu vilivyoazimwa na jirani virudi.

Darasa lilikuwa katika chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme, Makambako, karibu na mahali ambapo malori ya Songea yanaachana na ya Mbeya. Tulikuwa wanafunzi sita, Jumatano na Jumamosi. Mwalimu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mcheshi, aliyepiga harusi na misiba ya mkoa mzima na kuamua kufundisha kwa sababu, alisema, mgongo wake umeanza kumwuliza maswali. Hakuwa na ubao. Alitukabidhi kamera mikononi siku ya kwanza, akatutoa nje.

"Viwiko mbavuni," alituambia. "Toa pumzi, halafu bonyeza. Kabla hujabonyeza tazama kingo za fremu, maana katikati hapapotei, ila kingoni ndiko nguzo ya umeme inakomwotea mtu kichwani."

Nilimpenda siku hiyo hiyo. Niliacha shule kidato cha pili, na sababu haikuwa ada wala kufeli. Niliona lori la mbao linaondoka, nikataka kujua linakwenda wapi. Tangu hapo nimechuma chai, nimemenya magome ya miti ya miwati, nimepasua mbao, nimepakia parachichi, nimekuwa msaidizi wa fundi redio na wa fundi pampu. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Kamera nilinunua ya mtumba, na kabla darasa halijaanza nilikuwa nimeifungua skrubu zote na kuzirudisha, ikabaki moja ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Katika wale sita, mimi ndiye niliyejua namba. Spidi, tundu la lenzi, namba ya mwanga hafifu, nilizijua kabla Mwalimu hajazitaja, na wenzangu waliniuliza mimi kabla ya kumwuliza yeye. Nilizoea mambo hayo haraka sana.

Mmoja wa wenzangu alikuwa mama wa Mahongole, mkulima wa viazi, umri wa mama yangu. Hakuwa na kamera. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka kwenye kona. Alituambia amejiandikisha kwa sababu watoto wake wote wameondoka, simu waliyomwachia inatoa picha mbaya, naye alitaka kujua kama ubaya ni wa simu au ni wake.

Zoezi lile la kwanza lilikuwa hilo hilo kwa wote: mtu akiwa kazini, na nguo za kazi. Tuliporudi Jumamosi tukaonyesha. Muuza mkaa alikuwa na tai. Mama lishe alikuwa na gauni la kusimamia harusi, ameshika mwiko kama mshumaa. Fundi wangu alikuwa na suti yake. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho.

"Nyie mmepiga kazi au mmepiga ibada?" aliuliza.

Halafu yule Mama akampa simu.

Ilikuwa picha ya mwanamume anachambua viazi. Shati limechanika begani, tope liko mpaka kwenye nyusi, mdomo uko wazi nusu kwa sababu alikuwa akimkaripia mtu aliyekuwa nje ya fremu. Mwanga ulitoka kwenye mlango wa banda, upande wa kushoto, ukamgusa shavu moja na kuishia hapo. Mwalimu aliacha kucheka.

"Mama, huyu hakwenda kubadilisha nguo?"

"Alitaka kwenda. Nikamwambia maliza kwanza hili gunia, nakusaidia. Tukamaliza la kwanza tukaingia la pili, akasahau."

"Na wewe ulipiga wakati gani?"

"Nilipochoka. Nilikaa kupumzika, simu ikawa mkononi."

Mwalimu aliisafisha picha ile, akaibandika ukutani peke yake, juu ya swichi ya taa, mahali ambapo kila aliyeingia ilibidi aangalie. Wivu wangu ulianza hapo. Niliusikia chini ya ulimi, kama mtu aliyelamba betri.

Wiki zilizofuata nilijifunza vitu vingi ambavyo bado navitumia. Kwamba mawingu yetu haya, ambayo kila mgeni anayalaani, ni kivuli kimoja kikubwa kinacholainisha sura za watu, na mpiga picha wa nyanda za juu anapaswa kuyashukuru. Kwamba ukimpiga mtu karibu, fokasi iwe kwenye jicho lililo jirani na lenzi. Kwamba asubuhi ya baridi, ukitoka nje na kuingia jikoni kwenye moto, kamera itatoka jasho kwenye kioo, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache izoee joto ikiwa humo, na usithubutu kuifuta kwa sweta. Nilivifanyia mazoezi vyote. Nilipiga kikombe kimoja dirishani mara themanini, nikisogeza kidogo kidogo, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama kikombe kile nakiuza.

Mama hakuwa na mazoezi hayo. Namba zilimtoka kichwani kabla hajafika stendi. Ile ya mwanga hafifu aliita "ile ya giza", na spidi aliita "ile ya kuwahi". Lakini kila Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo: zetu zilizungumziwa, yake ilitazamwa. Mwalimu alikuwa na tabia ya kushika kidevu akikutana na picha nzuri, na mimi nilikaa nikihesabu mara ngapi ameshika kidevu kwa ajili yake na mara ngapi kwa ajili yangu.

Kibaya zaidi, Mama alinipenda. Alikuja na viazi vya kuchemsha kwenye kontena, bado vya moto, akagawa, na kile kikubwa alinipa mimi.

"Kula, mwanangu. Mkono unatetemeka hivyo, picha itatulia?"

Nilikula. Vilikuwa viazi vizuri, na hilo nalo lilinikera.

Nilijaribu kuiga njia yake. Nilimkuta dada mmoja anafua bombani, nikaweka kamera begani, nikashika ncha ya pili ya shuka alilokuwa anakamua.

"Kaka, umetumwa na nani?"

"Nakusaidia tu."

"Unanisaidia shuka langu?" Akageukia wenzake. "Jamani njooni mwone, Mungu amejibu! Nimepata mchumba anayefua!"

"Mwulize kama na nepi anafua!" mmoja akapaza sauti.

Walicheka wote, nikakamua shuka mpaka mwisho kwa sababu nilikosa pa kuliacha. Nilipotoa kamera, yule dada alikuwa tayari amepaka rangi ya mdomo. Sijui aliitoa wapi, mikono yake ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko.

Mwishoni mwa kozi Mwalimu alitutangazia jambo. Msimu wa harusi na vipaimara ulikuwa unakaribia, na alihitaji mpiga picha wa pili wa kuzunguka naye: Njombe, Uwemba, Ludewa, popote atakapoitwa, msimu mzima. Mtu huyo angetumia kamera yake ya pili, ile yenye lenzi mbili, ambayo sisi tulikuwa tunaigusa kwa zamu kama mtoto wa wenyewe.

"Nitachagua kwa picha moja," alisema. "Zoezi lililowashinda mwanzo, mtalirudia mwisho. Mtu kazini, nguo za kazi. Aliyevaa tai nitamrudisha na tai yake. Kila mmoja aseme atampiga nani, ili msigongane kwa mtu mmoja."

Sikumbuki kama nimewahi kutaka kitu kama nilivyotaka nafasi ile. Kazi nyingine zote nilizifuata kwa udadisi, na udadisi ukiisha unaondoka bila maumivu. Hii ilikuwa kazi ambayo yenyewe ni kuondoka. Kila wiki nyumba mpya, watu wapya, na ruhusa ya kuwatazama usoni bila mtu kukuuliza unatafuta nini. Nililala nikiifikiria, nikaamka nikiifikiria, na kila nilipoifikiria nilimwona Mama wa Mahongole amekaa mbele ya gari pamoja na Mwalimu, kontena la viazi mapajani.

Mimi nilisema nitawapiga wapasua mbao. Mama alisema atampiga bibi jirani yake, msusi wa vikapu.

"Anakaa mlangoni kwa jiko kila siku," alisema, na mikono yake ikaanza kusuka hewani. "Sweta lake limetoboka hapa na hapa, nyasi za milulu ziko mapajani, moshi unatoka nyuma yake. Nitakwenda Ijumaa. Nitasuka naye kidogo."

Nilimtazama Mwalimu. Hajaiona picha, na tayari ameshika kidevu.

Alhamisi nilikwenda Mahongole. Nilijiambia nakwenda kutazama mwanga wa kule. Bibi alikuwa pale pale aliposemwa, mlangoni kwa jiko, na picha ilikuwa imekaa tayari, mtu angebonyeza tu: sweta, moshi, nyasi za milulu zikining'inia mdomoni mwake kama masharubu wakati vidole vikifanya kazi. Niliiona nikajua nimeshindwa.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia ukoo wangu. Akaujua, akanitajia hata shangazi ambaye mimi simjui, akasema karibu. Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia kwamba kesho jirani yake atakuja na simu kumpiga picha.

"Picha ya nini?"

"Ya darasani kwetu, Makambako. Itabandikwa ukutani. Wataiona watu wengi."

"Wengi?"

"Wengi, Bibi. Hata wachungaji wanakujaga pale kupiga picha za vitambulisho."

Bibi akalitazama sweta lake. Akaingiza kidole kwenye tundu moja, akakitoa.

"Umefanya vizuri kuniambia, mjukuu wangu. Huyu jirani yangu hana adabu kabisa! Angenikuta hivi hivi?"

Akanipa chai. Nikainywa yote. Nimejiuliza mara nyingi ni uongo gani niliosema siku ile, na sijaupata. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno nililipima kabla halijatoka, kama mtu anayepima mbao kabla ya kukata.

Ijumaa nikapanda msituni kwa wapasua mbao. Nilikuwa nimefanya kazi nao miezi minne, miaka iliyopita, nikaondoka asubuhi moja bila kuaga.

"Mtoro karudi!" walinipokea. "Umekuja kumalizia lile gogo?"

"Nimekuja kuwapiga picha."

"Wewe? Na kamera umeiba wapi?"

Hakuna aliyekwenda kubadilisha nguo. Kwao mimi sikuwa mpiga picha, nilikuwa yule kijana aliyeshindwa msumeno, na kwa mtu wa namna hiyo hakuna sababu ya kuvaa shati. Niliwapiga picha kwa saa tatu. Picha niliyoichagua ina mzee wa juu ya gogo, ameinama na msumeno, vumbi la mbao limejaa kwenye nywele na kwenye kope, na mwanga wa jua dogo umepita kati ya miti ukalipata lile vumbi hewani. Anacheka, kwa sababu alikuwa ananitukana. Viwiko vyangu vilikuwa mbavuni. Kingo zilikuwa safi. Nilipoiona kwenye kioo cha kamera, nilikaa chini kwenye magome.

Ilikuwa picha nzuri kuliko yoyote niliyowahi kupiga, na nilikuwa nimeshachelewa kuifurahia. Ya Alhamisi yalikuwa yamefanyika.

Jumamosi Mama aliitoa simu yake wa mwisho. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni kilichotolewa nje. Alivaa sare ya umoja wa wanawake wa kanisani, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kitambaa cheupe kichwani, viatu vyeusi, soksi. Mikono iko juu ya magoti. Kikapu kilikuwa kimefichwa nyuma ya kiti, lakini sikio lake moja lilichungulia.

Darasa likacheka, bila ubaya.

"Mama! Hata wewe?" Mwalimu alisema.

"Hata mimi." Alicheka kidogo. "Nilimkuta amekaa hivyo tangu saa moja. Nikamwambia Bibi, vaa sweta lako tusuke. Akaniambia, 'Unataka kuniaibisha mbele ya wachungaji?'"

"Wachungaji wametoka wapi?"

"Sijui," alisema Mama, na hakunitazama. "Alikuwa ameshapendeza. Ningemvua? Nikampiga kama alivyotaka."

Mwalimu aliirudia picha ile mara mbili. Alisema ni picha ya heshima, familia itaitunza, lakini si zoezi. Kisha akarudi kwenye yangu, akashika kidevu, akakishika muda mrefu. Nafasi ikawa yangu. Wenzangu walinipigia makofi. Mama alipiga kwa nguvu kuliko wote, na akanipa mkono kwa mikono miwili.

Tulitoka pamoja kuelekea barabarani. Nilitaka njia ziachane mapema, lakini yeye alikuwa anakwenda stendi na mimi sikuwa na pa kusingizia.

"Bibi anakusalimia," alisema tulipofika mbele ya duka la mbegu.

Nikaihamishia kamera bega la pili.

"Anasema kijana mstaarabu sana. Alikuja kumwambia ajiandae. Akanitajia na ukoo."

"Mama..."

"Ulikunywa chai yake?"

"Ndiyo."

"Na kazi, ulimsaidia?"

"Hapana."

Alitembea hatua chache. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Nikasema, kwa sababu ilibidi niseme kitu, "Nilidhani wewe una viazi vyako. Nilidhani hata hutaki kuzunguka."

Akasimama. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza amekasirika, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nani alikuambia sitaki? Wewe umekwenda kila mahali. Kila siku darasani tunasikia, nilikuwa huku, nilikuwa kule. Mimi nimezaliwa Mahongole, nimeolewa Mahongole. Njombe nakwenda hospitali na kurudi. Nina miaka hamsini na mbili, baba, na Ludewa naisikia tu kwenye redio. Unafikiri nilikuja kwa sababu ya simu mbovu?"

Kisha akavuka barabara akapanda gari lake. Mimi nikabaki pale mbele ya mbegu za mahindi.

Mtu angetegemea kwamba wivu uliniisha hapo. Haukuisha, uliongezeka. Sasa nilimwonea wivu hata kwa kile alichokificha mbele ya darasa. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, akaimeza. Mimi nisingeimeza. Na kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi, na nalisema kama lilivyo hata kama si zuri: sikujua kama nimemshinda. Picha yangu ya mpasua mbao ilikuwa pale, nzuri, na haikuwa na mpinzani, kwa sababu mpinzani wake nilimwua Alhamisi kwenye kikombe cha chai. Nilikuwa nimejinyima kitu pekee nilichokitaka kuliko hata nafasi yenyewe.

Wiki ikapita. Jumapili tukaenda Njombe, kipaimara cha mabinti wawili wa familia moja, Walutheri wakulima wenye nyumba kubwa na ndugu wengi zaidi ya nyumba. Baridi ilikuwa kali, ukungu umelala mpaka kwenye madirisha ya kanisa. Nilifanya kazi vizuri. Nilifunga kamera kwenye mfuko kabla ya kuingia jikoni, nikawapata mashangazi wakigeuza pilau, nao wakapiga kelele, "Toka na hiyo kamera, hatujavaa!" nikatoka. Uani wakajipanga wote kwenye ngazi, wazee kwenye viti, mabinti katikati na magauni meupe, hakuna aliyetabasamu, kila mtu amevuta pumzi kama anayepimwa kifua. Kila nilipochungulia kwenye kamera, niliona mikono juu ya magoti. Walikuwa na mikono ya Bibi, familia nzima.

Tuliporudi, tukiwa tumeshaiacha Njombe nyuma na miti ya miwati pande zote, nilimwambia Mwalimu. Nilimwambia yote, hata ile ya wachungaji.

Alipunguza mwendo.

"Unaniambia ili nifanye nini?"

"Sijui."

"Unajua."

Nikamwuliza swali lililokuwa linanitafuna wiki nzima. "Mwalimu, kama Bibi angekuwa na sweta lake, ungemchagua nani?"

"Hiyo picha haipo, kijana."

"Lakini wewe unaujua mkono wake. Na yangu umeiona."

"Picha nikiiona naisema. Isiyopigwa siisemi." Akabadilisha gia. "Hiyo utakaa nayo mwenyewe."

Alinishusha Makambako, akanyoosha mkono kuchukua begi la kamera. Nililishika sekunde moja zaidi ya ilivyopaswa, na nadhani aliliona hilo pia.

Jumatano alimkabidhi Mama begi la kamera mbele yetu sote. Alisema tu kwamba mpango umebadilika, msimu ataenda Mama, mimi nitabaki dukani nikipiga za vitambulisho mpaka ajue anifanye nini. Wengine walinigeukia wapate sababu kwenye uso wangu. Mama hakusema asante wala hakukataa. Alifungua zipu ya begi, akahesabu lenzi, moja, mbili, akafunga. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile ya kuwahi iko wapi kwenye hii?" Nikamwonyesha kitufe. Vidole vyangu na vyake vilikuwa juu ya kamera moja, na nilitamani ningekuwa na moyo wa kumwonyesha kitufe kisicho chenyewe. Nilimwonyesha kilicho sahihi.

Sasa nakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kitambaa cha bluu, nawaambia watu wanyanyue kidevu kidogo, washushe bega la kushoto. Ni kazi ya kukaa mahali pamoja, na nashangaa kwamba bado sijaondoka.

Jumamosi iliyopita Mwalimu na Mama walikwenda Mawengi, kule Ludewa, harusini. Naijua Mawengi, niliwahi kukaa kule majuma matatu nikibeba maziwa. Usiku, wakati nafunga duka, simu yangu ikalia: Mama amenitumia picha. Hakuandika neno. Ni bibi harusi kabla hajavalishwa. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitenge kimefungwa kifuani, nywele zimemalizwa upande mmoja tu, anakula kiazi huku msusi akimvuta kichwa. Nje ya dirisha mlima unaonekana wa kijivu. Hakuna binti wa nyanda hizi ambaye angekubali kupigwa hivyo siku hiyo, na huyu amekubali, anaitazama lenzi moja kwa moja, mdomo umejaa.

Nilifunga mlango kwa ndani, nikakaa, nikaanza kuitafuta kasoro. Niliikuza. Nilipita kingoni, kona kwa kona. Fokasi ilikuwa kwenye jicho. Mwanga wa dirisha ulikuwa umeishia pale pale unapopaswa kuishia. Nilitafuta kama mtu anayetafuta sindano, na baada ya muda mrefu nikaipata: fremu ya dirisha imelala kidogo kulia. Kidogo sana, lakini imelala. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaandika, "Dirisha limelala, Mama." Nikalitazama neno lile. Nikalifuta.

Nikaandika, "Umempataje?"

Nikatuma. Ikakaa na tiki moja. Kule mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, nyuma ya shule, na lazima alipanda mpaka pale kunitumia, akashuka tena. Niliacha simu mezani, nikaichukua, nikaikuza picha tena, nikaanza upya kutoka kona ya juu.